Wageni walipoacha kuingia bustanini kwangu Kayanga, nilimshuku mpishi wa sokoni

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Ninachokileta hapa si chai. Mimi mwenyewe sitoki vizuri ndani yake, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Nipo Kayanga, Karagwe. Kwetu ni Igurwa, ila nimepanga hapa mjini miaka mingi, kazi yangu fundi viatu. Nyuma ya nyumba nina kieneo nimepanda mchicha, spinachi na nyanya chungu. Nyingine ziko kwenye viroba maana ardhi haitoshi.

Sasa kuna jamaa ni guide, tumwite Deus. Anapitisha wageni wanaokwenda hifadhini upande wa Kyerwa. Akatuletea wazo: wageni waingie kwenye bustani zetu, wachume mboga wenyewe, kisha awapeleke sokoni kwa Ma Koku wakapikiwe ndizi na maharage pamoja na mboga hizo hizo.

Ma Koku ni mama mwenyeji wa kijiji cha Nyabiyonza, mtu mzima, jiko lake la sokoni linajulikana. Tukakubaliana yeye ndiye awe anachagua bustani ya kwenda, kwa sababu ndiye anajua siku hiyo anapika nini.

Tulikuwa sita wenye bustani. Tukafungua group la WhatsApp.

Mwanzo safi. Kwangu walikuja mara tatu. Mzungu mmoja mzee aling'oa mchicha na mizizi yake, akawa anaupunga kama mtu aliyevua samaki. Tulicheka sana.

Baada ya hapo, kimya.

Wiki ya kwanza nikasema labda wageni wamepungua. Ya pili nikawaona kwa macho yangu. Wamepita mbele ya geti langu, Deus mbele, Ma Koku nyuma na kikapu. Wakaingia kwa jirani yangu Byaruhanga.

Ma Koku alinisalimia vizuri tu. Ila hakuniangalia usoni.

Wakuu, hapo ndipo shetani alipoanza kazi.

Nikahamisha meza yangu ya viatu hadi karibu na geti ili nione nani anaingia wapi. Nikamwona Ma Koku anatoka kwa Byaruhanga na mkungu wa ndizi. Nikajiambia, hiyo ndiyo hongo yenyewe. Siku nyingine nikamkuta na Deus wanaongea sauti ya chini. Nilipokaribia wakaanza kuzungumzia mvua. Na jua lilikuwa linawaka.

Mama watoto akaniambia, "Si uende ukamuulize?"

Nikamjibu mtu wa hivyo haulizwi, anafumaniwa.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Siku chache kabla ya kuanza kurukwa, Deus alituambia kuna mgeni alitapika sana baada ya kula pale sokoni. Ma Koku mwenyewe alikiri kwamba siku hiyo maji yake hayakuchemka vizuri. Mgeni akapona, yakaisha.

Mimi nikalifufua. Niliandika kwenye group, namnukuu mjinga ambaye ni mimi: "Ndugu zangu, hivi tuna uhakika na usafi wa kwa Ma Koku? Tusije tukaharibu jina la wote kwa sababu ya mtu mmoja."

Nilijua ninachofanya. Nilitaka aondolewe, kazi ya kuchagua bustani apewe mtu mwingine.

Maneno yakatembea. Sokoni watu wakaanza kupunguza kula kwake, hata wenyeji. Nilipita siku moja nikaona benchi zake tupu saa ya mchana. Nisiwadanganye, nilifurahi kidogo.

Halafu nikaona ndio wakati wa kummaliza. Nikamfuata asubuhi, anamenya ndizi peke yake.

Nikamwambia, "Ma, shikamoo. Nimekuja unieleze Byaruhanga anakupa nini."

Akaitikia marahaba, akaendelea kumenya. "Ananiuzia ndizi. Wewe una ndizi?"

"Na mboga je? Zangu zina kasoro gani?"

Akaweka kisu chini. "Waitu, ndugu yangu, siku yule mgeni alipotapika, mboga zilitoka kwa nani?"

Nikahesabu siku kichwani. Zilitoka kwangu.

"Nilipoziosha, maji yalinuka dawa," akasema. "Nikaziosha tena na tena. Nikaona haya kumwaga mboga walizochuma wenyewe, nikapika. Hilo ni kosa langu. Walipouliza nikasema ni maji. Ningesema ni mboga, Deus angefunga bustani zote sita. Wengine wamekosa nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta namna. Hata Deus aliponiuliza kwa nini nakuruka, nilimkwepa. Halafu nikasomewa ulichoandika kwenye simu."

Wadudu walikuwa wamenishambulia mchicha, nikapulizia dawa Jumatano. Ijumaa wageni wakaja na mimi nikawafungulia geti, nikitabasamu. Chupa imeandikwa usubiri siku saba kabla ya kuchuma. Niliijua ile chupa, wakuu. Nilijisemea mvua imeshaosha.

Nikarudi nyumbani. Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Andika."

Nikaandika yote kwenye group, kwamba nilipulizia Jumatano na Ijumaa nikafungua geti, na kwamba maji ya Ma Koku hayakuwa na shida. Mmoja akajitoa kwenye group. Deus alinipigia, alikuwa na hasira ya kweli, akasimamisha ziara zote mpaka azungukie bustani moja moja. Watu watano walikaa bila wageni kwa sababu yangu.

Sokoni nilikwenda mwenyewe, nikawaeleza wale kina mama wenzake. Benchi za Ma Koku zilichukua muda kujaa.

Ziara ziliporudi, siku moja nikasikia hodi. Deus, wageni wanne, na Ma Koku na kikapu chake. Nilikuwa sijawategemea.

Ma Koku akauliza mbele ya wote, "Umepulizia lini?"

Ilikuwa siku ya nne. Hakuna aliyeniona napulizia. Mchicha ulikuwa umenawiri kuliko wa mtaa mzima.

Nikasema, "Siku nne zilizopita, Ma. Bado."

Akaniangalia usoni. Akatikisa kichwa kukubali, akawageuza wageni, wakaenda kwa Byaruhanga.

Nilichojifunza: mtu akikukwepa, kabla hujatafuta anachoficha yeye, kagua cha kwako kwanza. Na kama unalima mboga mjini, siku zilizoandikwa kwenye chupa si mapambo.

Wale mnaouza mboga za bustani kwenye hoteli na masoko, nyie mnawaambiaje wateja mkiwa mmepulizia? Na wa kunisema aniseme tu, nafasi iko hapo chini.