Dada wa Steshenari na Majina ya Walioitwa Kazini

Dada wa steshenari pale Tunduma mpakani huwa hashangilii. Sekretarieti ya Ajira ikitangaza walioitwa kazini, huwatafutia wateja majina yao kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, taratibu, huku akitafuna karanga. Ruti wa kijiji cha Msangano, aliyekwishafanya usaili wa uuguzi mara tatu, alimwinamia begani.

“Dada, nyumbani wanasema bila kuwa na mtu Dodoma hupati.”

“Mtu wako ni alama zako, mdogo wangu. Hebu tulia.”

Kidole kikasimama. Dada akasoma majina yote matatu ya Ruti, akayarudia, kisha akachomoka nje na ndala moja, akimkumbatia kila mbadilisha fedha aliyemkuta. “Mdogo wangu kapata!” Ruti, muuguzi mpya wa serikali, akabaki dukani akicheka peke yake, akimtolea fotokopi mteja aliyeingia.