Uchafu wa Wazito

Niliwafulia Wazito nguo kambini mwao kule juu ya Malili kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mpaka leo siwezi kula yai la kuchemsha. Ndiyo harufu yao hiyo. Yai viza, mbuzi aliyefia juani, halafu juu yake utamu fulani kama wa embe lililochacha. Ni huo utamu uliokuwa ukinitapisha.

Walipofika hawakuja kwa ajili yetu. Walikuja kwa ajili ya vilima. Walisema mawe ya huku kwetu yana pumzi ndani yake, na anayejua kuivuta pumzi hiyo hupata nguvu. Kwa kimo hawakuwa kitu, Mzito alinifika begani tu. Lakini akikanyaga veranda ya saruji, inapasuka. Kila asubuhi walisimama kwa mguu mmoja juu ya mwamba, ngozi yao rangi ya majivu, macho wameyafumba, wakivuta pumzi kutoka chini. Kisha mmoja alifungua kiganja polepole, kama anayempungia mtoto, na jiwe la ng'ambo ya bonde likagawanyika. Mlio ulifuata baadaye. Upande wa Sultan Hamud walikaa Wakavu, jamii nyingine tena, warefu na wembamba kama miti ya mkonge, ambao walipigana kwa vidole tu. Jamii hizo mbili ziligombania vilima. Hakuna aliyetuuliza vilima ni vya nani.

Hawakutuchukia, sitasema uongo. Walituangalia jinsi mimi ninavyowaangalia kuku wa jirani.

Siku moja nilikuwa Sultan Hamud kununua sabuni ya kazi, Mzito na Mkavu wakakutana katikati ya soko. Sijui nani alianza. Niliona Mzito akirusha ngumi na Mkavu akiizuia kwa kidole kimoja, na upepo uliotoka kati yao ukabeba mabati, viti, kreti za soda na mbao za vibanda. Mama mmoja aliyeuza nyanya alipigwa na ubao mguuni, akaanguka juu ya nyanya zake. Nikamkimbilia. Mguu ulikuwa umevunjika, mfupa ulionekana. Na watu, watu wetu, wakamruka yule mama ili wasogee mbele waone vizuri. Walikuwa wanapiga makofi.

Mwenye duka lililokuwa karibu nasi alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi.

"Umeona vile ameshika ile ngumi?" akaniuliza. "Kidole kimoja!"

"Paa lako limeenda," nikamwambia.

"Wacha liende. Lakini uliona kidole?"

Tulimbeba yule mama, mimi na wauza nyanya wenzake, mpaka zahanati. Nyuma yetu walikuwa bado wanashangilia. Nilisikia kichefuchefu ambacho sikuwahi kukisikia hata kambini, na kambini nilishasikia vya kutosha.

Maana kazi yetu kambini ilikuwa hii. Mzito anapopanda daraja la nguvu, mwili wake hutupa nje kila kitu kinachomzuia. Anakaa ndani ya shimo mchana kutwa akitetemeka, na kwenye vinyweleo vyake kunatoka kitu cheusi, kizito kama oili iliyomwagwa chini ya lori. Kikishamtoka, anainuka akiwa mwepesi, anavua nguo, anaziacha hapo hapo, anaenda zake. Sisi wanawake wa Matiliku na vijiji vya jirani tulizichukua kwa vijiti, tukazifua kwa majivu na sabuni. Glavu ziliyeyuka. Maji machafu tuliyaelekeza kwenye mtaro ulioteremka hadi kwa mlinzi wa kambi.

Mbwa wa mlinzi huyo alizoea kulamba mtaro. Siku chache baadaye alikata mnyororo na kumuua punda, na kabla ya Jumapili habari ilikuwa imeenea tarafa nzima.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuja kuniona wakati huo. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, mtu mpole, fundi wa kushona, mwenye sauti nzuri na mapafu mabovu. Vumbi la vitambaa lilimkohoza tangu ujana.

"Shemeji, niletee kidogo tu," akasema. "Kachupa ka soda."

"Ile ni choo, shemeji."

"Choo cha nani?" akaniuliza, kwa upole kabisa, kana kwamba swali lake lilikuwa limejibu yote.

Nilikataa. Alipata kwa mwanamke mwingine tuliyefanya naye kazi, ambaye sasa alikuwa anakinga mtaro kwa jerikeni. Akaanza kukoroga kwenye uji, kijiko kimoja asubuhi. Na mimi nilingoja augue. Niliomba augue kidogo, atapike, aaibike, arudi kwenye cherehani yake.

Hakuugua. Kikohozi kiliisha. Kabla ya mvua za vuli aliinua gunia la ndengu kwa mkono mmoja akaliweka kwenye mkokoteni kama anayeweka kofia kichwani. Lori liliponasa mchangani mtoni, alilisukuma peke yake. Jumapili iliyofuata mchungaji alimwita mbele, akaweka jiwe juu ya meza ya sadaka, na shemeji akalipasua kwa kiganja. Kanisa likalia, "Bwana asifiwe!" Baada ya ibada watu walipanga mstari nje. Nilidhani wanamsalimia. Nilipokaribia nikaona wanakunja leso zao na kumfuta jasho shingoni, halafu wananyonya leso. Mama wazima, wenye vitambaa vya chama cha akina mama kichwani, wananyonya leso.

Jasho lake lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Dada yangu alinionyesha mashuka. Aliyaloweka kwenye beseni nyuma ya nyumba ili majirani wasione, ingawa majirani wangelipa kuyaona. Mimi niliacha harufu hiyo kazini jioni. Yeye alilala nayo.

"Ananiangalia vibaya," akaniambia.

"Anakupiga?"

"Hapana. Ananiangalia tu. Kama ananitafuta na hanioni."

Nilijua mtazamo huo.

Kilichonivunja moyo kabisa kilitokea nyumbani kwa mama yetu. Kwetu Ukambani mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Haingii jikoni mwake, hakai kitini karibu naye, hata kusalimiana ni kwa macho ya chini. Miaka yote shemeji aliishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alasiri hiyo mama alikuwa jikoni anapepeta mahindi ya muthokoi, yaliyotwangwa kuondoa maganda, mimi nikiwa naye, na shemeji akaingia bila hodi, akainama chini ya paa, akachuchumaa mbele yake magoti yakigusana. Mkononi alikuwa na kikombe.

"Kunywa," akamwambia. "Magoti yako yatapona."

Mama hakumtazama. Alinigeukia mimi. "Mwambie huyu atoke."

"Mama, kunywa. Kikombe hiki watu wananililia."

Akamshika kidevu. Mkwe, akamshika mama mkwe kidevu, kama anavyoshikwa ndama anayepewa dawa! Mama akafumba mdomo mpaka midomo ikapotea. Nilimrukia shemeji mgongoni, nikampiga kwa mwiko, nikampiga tena, na ilikuwa kama kupiga ukuta. Hakugeuka hata. Mwishowe mama akatema mate, yakamwingia machoni, na nadhani ni mate hayo yaliyomkumbusha alipo. Akainuka. Kikombe kikamwagika kwenye jiko na jikoni kukajaa ule utamu wa embe lililochacha. Mama alilihama jiko hilo. Tulimjengea lingine upande wa pili wa boma.

Wiki hiyo hiyo shemeji alipanda kambini akiwa amevaa suti yake ya kwaya. Nyuma yake walikuwa watu wa kanisa, wamebeba chupa. Tulikuwa kwenye matangi tunafua. Alimwendea mkubwa wa Wazito, akasimama kwa mguu mmoja kama wao, akasema amekuja kuwa mwanafunzi.

Mzito alimzunguka, akamnusa. "Umekunywa?" akauliza. Walizungumza Kiswahili chetu vizuri ila bila salamu.

"Nimekunywa, mwalimu."

Mzito akawaita wenzake waje waone. Hawakucheka, sina hakika kama wanajua kucheka. Walimrushia jiwe, akalidaka. Wakarusha kubwa zaidi, akalidaka akapiga magoti. La tatu lilimwangusha chali. Wakamsimamisha. Kisha mmoja aliyekuwa ametoka shimoni siku hiyo, bado mwili unang'aa, alikwangua mkono wake kwa ukucha akamnyooshea. Shemeji akalamba. Watu wa kanisa wakanong'ona kwa wivu, niliwasikia. Mzito akakwangua mguu. Akalamba. Suti yake ilikuwa imechafuka mpaka kiunoni, na alikuwa analia, na machozi yake ni ya furaha.

Niliweka nguo chini. Nilitapika kando ya tangi. Nilipoinua kichwa, Mzito mmoja alikuwa amesimama karibu, ananitazama kwa makini, kama kuku amesema neno.

"Kwa nini wewe hunywi?" akauliza.

"Ni uchafu wenu. Si mnautupa?"

"Tunautupa."

"Sasa kwa nini unampa nguvu?"

Akafikiri. "Hata uchafu wetu una nguvu kuliko chakula chenu," akasema, bila dharau yoyote, kama anayenielekeza njia.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani nikipika, nikioga, nikisali. Angenitukana ningepata nafuu. Lakini alisema kweli, na alisema kwa huruma kidogo. Na mimi nilisimama pale na matapishi kidevuni nikiwachukia wote pamoja, yeye kwa kuwa na haki ya kusema hivyo, na watu wangu kwa kuwa wamempa ushahidi, na mikono yangu ambayo ilikuwa imeingia kwenye kitu hicho kila siku ili nipate unga.

Sikurudi kazini. Dada yangu alipanda mara moja kumchukua mumewe, akamkuta analala karibu na mashimo ili awe wa kwanza kulamba. Mume hakumtambua, au alijifanya hamtambui. Dada akateremka bila kulia, akafungasha nguo na cherehani, na mimi na yeye tukahamia Kitui kwa shangazi yetu, kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Tukaanza kushona sare za shule. Mama alikataa kuja. Alisema hawezi kuachia watu wa aina hiyo boma lake.

Wazito waliondoka kabla ya mwaka kwisha. Walikuwa wamemaliza pumzi ya kile kilima, wakaenda kama walivyokuja, bila kuaga. Wakavu wakafuata. Watu wetu waliobaki kambini walikwangua mashimo mpaka wakafika udongo, wakala na udongo. Mama alitupigia simu kutueleza haya. Alisema sasa kijiji kizima kinakohoa.

Shemeji alifika Kitui mchana mmoja wa kiangazi. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama langoni akishikilia nguzo. Nguvu zilikuwa zimemtoka zote, pamoja na zile chache alizokuwa nazo mwanzo. Meno yake yalikuwa meusi. Dada yangu alitoka akasimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni.

"Unatafuta nani?"

"Natafuta mke wangu."

Dada akamtazama mikono. "Nawa kwanza," akasema.

Akanawa kwenye mfereji wa nje. Maji yaliyotoka mikononi mwake hayakuwa safi hata aliponawa tena kwa sabuni. Dada akamletea muthokoi na maharagwe kwenye sahani, akamketisha hapo hapo nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilisimama nyuma ya dada. Nilitaka kumwonea huruma, maana alikuwa mtu mwema wakati mmoja na nilimpenda kama kaka. Lakini pua yangu ilikataa.

Alikula vijiko vichache, akatafuna polepole, akatema kando.

"Hakina ladha," akasema. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alishangaa tu.

Dada yangu akachukua sahani mikononi mwake. "Basi nenda."

Akainuka akaenda, akishika ukuta wa majirani. Hakugeuka nyuma, na sisi hatukumwita. Dada akaenda na ile sahani nyuma ya nyumba, akaitupa chooni, chakula na sahani pamoja, na ilikuwa sahani nzuri.