Mume Wangu Hakuwa Amelewa

Mume wangu hanywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu kuna wanaume wenye tai waliokaa ofisini wakaamua kwamba alikuwa amelewa, na kila mmoja wao anajua hanywi.

Yeye ni bondia. Alichaguliwa kwenda na timu kupigana ng'ambo, nchi ya baridi. Kocha wake, mzee aliyemfundisha tangu akiwa shule ya msingi katika ukumbi wa ngumi wa Pumwani, hapa Nairobi, alipaswa kusafiri naye. Siku ya kuondoka kocha akaambiwa nafasi zimejaa. Nafasi yake ilikaliwa na mke wa meneja wa timu, mama ambaye sidhani anajua raundi ya ngumi inachukua muda gani. Huyo ndiye aliyeenda kulipigania taifa. Alirudi na masanduku mapya.

Sasa, mabondia wa huku kwetu hupunguza uzito kwa mvuke. Ukizidisha hata kidogo kwenye mizani, hupigani, umeenda bure. Kwa hivyo bondia anajifunga nailoni, ile ya kufunikia vibanda, anajifungia bafuni na maji yanayochemka, anakaa hapo mpaka jasho limtoke la kutosha. Hapa kwetu Njiru mume wangu hutumia hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ile ambayo kila mpangaji anayo na kila mwenye nyumba ameikataza. Aliibeba. Nani angemwambia aiache? Kocha alibaki Nairobi, na meneja alikuwa madukani na mkewe.

Asubuhi ya kupimwa uzito mvuke ukatoka chini ya mlango, king'ora cha moto kikalia, wageni wa hoteli nzima wakatolewa nje kwenye theluji wakiwa na nguo za kulalia. Mlinzi alipovunja mlango alimkuta mwanamume amefungwa nailoni kutoka shingoni hadi miguuni, anatiririka jasho, kando yake ndoo yenye waya inatokota. Akadhani anapika dawa za kulevya. Akamkaba. Mume wangu akamsukuma, sakafu ilikuwa na maji, mlinzi akaanguka. Polisi wakaja, wakachukua pasipoti yake, wakamwambia asitoke mjini. Timu ikarudi bila yeye.

Kioja hicho kilifika mtaani kabla ya timu kutua. Kwenye foleni ya maji jirani yangu akaniuliza, "Mama Mtoto, kwani mzee alienda kupigana ama kupika?"

"Githeri ya mahindi makavu inataka moto mwingi," mwingine akamjibu.

Nilicheka nao kidogo. Kisha nikaingia nyumbani nikapiga sufuria teke.

Jioni hiyo mume wangu akapiga simu. Meneja alikuwa amemwagiza ajirekodi video akisema alikuwa amelewa na anaomba radhi. Hoteli ingesamehe, polisi wangerudisha pasipoti, angekuja nyumbani. Lakini alikuwa ameahidiwa nafasi katika kikosi kimoja cha askari, kinachowaajiri mabondia na kuwalipa kila mwezi. Nafasi hiyo tumeingoja tangu kabla mtoto hajazaliwa. Kikosi gani kitamchukua mlevi aliyepiga mlinzi, na video ya kuthibitisha iko?

"Wewe unasemaje?" akaniuliza. "Nimechoka huku. Nataka kumuona mtoto."

Nikamwambia angoje kwanza niende ofisini.

Meneja alikuwa anakunywa chai. Hakuniambia keti, nilijiketisha, mtoto mapajani.

"Dada, hii ni mambo ya diplomasia," akasema. "Wewe huwezi kuelewa."

"Nimemaliza shule hadi fomu foo. Eleza polepole, nitaelewa."

"Akisema alilewa ni kosa dogo. Ulevi kila mtu anaelewa."

"Na kwa nini asiseme alikuwa anapunguza uzito?"

"Hapo wataanza kuuliza maswali mengi."

"Kama lile la wewe ulikuwa wapi."

Akaweka kikombe chini. "Usinikosee heshima, msichana."

"Msichana ni huyu nimebeba. Mimi ni mama yake."

Akapiga simu, mume wangu alipoitikia akaninyooshea. "Mwambie bwana yako aache ujeuri, arekodi leo."

Nikaichukua. "Usirekodi," nikasema. "Tafuta kocha yeyote wa ngumi wa huko, umweleze vile ulikuwa unafanya. Atakuelewa."

Meneja aliipokonya simu yake kama aliyeibiwa. Nilitoka pale nimeinua kichwa, lakini nje ya geti nikaanza kuwaza. Mume wangu akifungwa, ni mimi nilimwambia. Nilienda hadi Pumwani kwa kocha nikamweleza, nikidhani atanigombeza.

"Umesema sawa, mama," akasema. "Hata hao wa huko hujikausha. Waliona nailoni kabla yetu."

Na ilikuwa hivyo. Mume wangu alimpata kocha wa klabu moja ya pale mjini, mzee wa masikio yaliyofura kwa ngumi, naye alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Akampeleka polisi mwenyewe. Kisha akawaongoza polisi hadi klabuni kwake, kwenye chumba kidogo chenye joto, wakawakuta vijana wao wameketi ndani ya nailoni wakitoka jasho. Mlinzi wa hoteli aliitwa, akasikiliza yote, akampa mume wangu mkono. Polisi wakachukua hita, wakamrudishia pasipoti. Wale wageni walihitaji tu kuelezwa. Waliokataa kueleza ni watu wetu, waliomjua.

Alirudi, na nafasi yake kikosini ilikuwa bado ipo. Halafu nikamsikia meneja redioni akijisifu kwamba ofisi yake ilimwokoa bondia aliyelewa na kuaibisha nchi. Hakutaja jina, na hakuhitaji, mtaa mzima ulijua. Hata kikosi kilijua. Wiki hiyohiyo mume wangu akaitwa akajieleze.

Nilimngoja nje, mtoto akilia, mimi nikiwatukana kimoyomoyo wote wenye ofisi. Alivyonisimulia baadaye, afande alimuuliza swali moja tu. Siku ile hotelini, ulikuwa umelewa?

"Hapana, afande," mume wangu akajibu. "Nilikuwa nimezidi gramu mia tatu."

Afande akamwambia apande mizani iliyokuwa pale pembeni, akaitazama, kisha akamwambia aripoti kazini Jumatatu.