Tulimcheka Mama Njeri siku mdomo wake ulipopinda

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Haya nayaandika yakiwa bado moto kifuani, na sitatia chumvi. Kiswahili changu ni cha form four, mtanivumilia.

Nauza mitumba soko la Kibuye, nguo za watoto. Meza iliyopakana na yangu ni ya Mama Njeri, blauzi za kina mama. Yeye ni mtu wa Nyandarua, mimi ni Mjaluo wa Kombewa. Miaka minne tumekaa bega kwa bega. Akienda chooni nauza zake, nikinyonyesha anauza zangu.

Sasa sikieni. Mama Njeri alikuwa anaita wateja kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo. Dholuo kibovu! Anakivunja makusudi, watu wanasimama kucheka, na hapo ananasa mmoja. "Biuru uyier!" Yaani njooni mchague. Hiyo tu ndio alisema sawasawa, zingine zote ni maafa.

Jumapili moja asubuhi, soko limejaa, akaanza kuita. Maneno yakatoka yamelegea kama uji. Mdomo umeenda upande.

Tukacheka.

Nasema tulicheka, wakuu. Laini nzima ya wauzaji. Mimi ndio nilipiga kelele, "Wee Mama Njeri, hicho Dholuo cha leo umetoa wapi?"

Akaniangalia. Blauzi ikamtoka mkononi, akaenda chini nayo.

Stroke. Kiharusi.

Alilala hospitali wiki tatu. Akarudi nyumbani upande wa kulia hauna nguvu, na neno hana. Hata jina la Njeri, binti yake wa kuzaa, lilikataa kutoka.

Baba Njeri, mume wake, ni fundi wa viatu, mtu mpole. Tukagawana kazi. Asubuhi yeye anamwosha. Mimi nikitoka sokoni naenda kumpikia, mtoto wangu Bravin mgongoni, halafu namfanyisha mazoezi ya mkono tuliyoonyeshwa na mtu wa physio. Kufinya soksi iliyokunjwa. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Meza yake niliifungua kila siku, wateja wasimsahau.

Kilichonichoma ni wageni. Wanajaa kwa nyumba, wanaomba kwa sauti mpaka jasho, kisha wanakunywa chai wakimjadili kama hayuko. "Maskini, amekuwa mtoto." Dada ya mume wake alisema hivyo akiwa amekalia kitanda chake! Mama Njeri akageukia ukuta.

Nikamwambia, "Masikio hayakupata stroke, madam."

Mpaka leo hatusalimiani. Sawa tu.

Halafu Baba Njeri akasema anampeleka kwao Nyandarua, kwa mama yake mzazi. "Mama Bravin, hapa atafanya nini? Hata salamu hawezi."

"Nipe Jumapili moja," nikamwambia.

Akakubali.

Tukamleta Kibuye kwa tuktuk, tukamkalisha kwa stuli nyuma ya meza yake. Nikakata kamba za bale mpya ya blauzi hapo mbele yake. Ile harufu ikatoka, wauza mitumba mnaijua. Wamama wakavamia. Mkono wake wa kushoto ukaingia kwa rundo, ukatoa blauzi ya maua, ukaikung'uta.

"Biuru!"

Ni yeye!

"Biuru uyier!"

Hakuna aliyecheka. Sisi wote tuliocheka siku ile, kimya kama tuko mazishini. Akatuangalia mmoja mmoja kwa hasira, kama anauliza, mbona mnalaza biashara? Basi mimi nikaanza kucheka, machozi yananitoka, wengine wakafuata. Na mdomo wake ukainuka, upande mmoja.

Nilidhani hiyo itatosha abaki.

Haikutosha. Baba Njeri alilia hapo hapo, lakini alikuwa amechoka, na kule kwa mkwe wake kuna mikono mingi. Simlaumu. Najaribu kutomlaumu. Ijumaa wakaenda.

Meza yake iko. Kuna mama alitaka kuhamia hapo, nikamfukuza vibaya. Nikinyonyesha siku hizi wateja wananipita tu. Nikisikia umbea mtamu nageuka kumwambia, naona turubai.

Nimejifunza hivi: mdomo wa mtu ukipinda, maneno yakilegea, usicheke. Usimpe soda. Maombi utafanya mkiwa njiani. Mkimbize hospitali! Zile dakika nilizocheka nazitaka hadi leo.

Kila Jumapili Baba Njeri ananipigia. Nafunua turubai, naweka speaker, naiweka simu juu ya blauzi zake, Mama Njeri anasikiliza soko. Kisha anaita. Juzi mteja akageuka, "Kwani Mama Njeri amerudi?"

"Chagua kwanza," nikamwambia.

Neno lingine bado hajapata.

Sasa nyinyi mliouguza mtu wa stroke, semeni hapa chini: maneno mengine yalirudi? Yalichukua muda gani, na mlifanya nini? Pole msiniletee, ninazo za kujaza gunia. Nataka tu kujua kama iko siku ile simu italia, na badala ya wateja, aniite mimi.