Friji ya mama mkwe imeandika E6, na mimi fundi siruhusiwi kuingia chumbani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu. Joto ni lile lile, stima bado ipo, kwa hivyo wacha niandike haraka kabla haijapotea.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu napenda amani nyumbani kwangu.

Mimi ni fundi wa friji, mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna mafundi wa kubahatisha na kuna mafundi wenyewe, na sioni sababu ya kujishusha hapa mbele yenu. Ukinitajia error code, nakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kusema model.

Mnikumbushe hiyo sentensi mbeleni.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi Usenge, peke yake, tangu mzee atutoke. Ana kisukari na anatumia insulin. Kliniki ni mbali kidogo na yeye magoti yanamsumbua, kwa hivyo wanampa dawa ya miezi mitatu kwa mara moja. Hiyo dawa inataka baridi. Ndiyo maana nilimpelekea friji, ya milango miwili, no-frost, yenye display ya namba juu ya mlango.

Niliipeleka mwenyewe, nikaifunga mwenyewe, nikaweka na fridge guard kwa sababu stima ya huko ina vituko. Hata kava ya nyuma, ile ya chini inayofunika compressor na fan, niliitoa ili hewa ipite vizuri. Ndivyo ninavyowafanyia wateja wangu wote.

Niliiacha sebuleni. Baadaye nikasikia imehamishiwa chumbani kwake. Sababu? Kila mgeni aliyeingia alikuwa anafungua mlango kutafuta soda baridi, na dawa zinasukumwa huku na huku. Mama akaita vijana wa jirani watatu, wakaibeba, ikawa mwisho wa soda.

Jumamosi moja asubuhi akanipigia simu.

"Baba Achieng, hii friji yako imeandika kitu."

"Imeandika nini, Mama?"

"E, halafu sita. Inawaka inazima, inawaka inazima."

Wakuu, nilitabasamu. Kwa model ile, E6 ni fan ya nyuma, ile inayopoza compressor. (Kwa kampuni nyingine E6 inaweza kuwa kitu tofauti kabisa, kwa hivyo someni manual, msinipigie kesho mkilia.) Nikamwambia achomoe waya ukutani, angoje dakika kumi, arudishe. Akafanya hivyo, namba ikapotea, nikapewa baraka zangu zote kwa simu.

Jumapili akapiga tena. E6.

Nikamuuliza, "Mama, nyuma kuna sauti?"

"Kuna sauti."

"Ya namna gani?"

"Ni kama kitu kinataka kuzunguka na kimekatazwa."

Someni hilo jibu tena polepole. Mwanamke ambaye hajawahi kushika spana alinipa diagnosis kamili, na mimi fundi wa miaka kumi na moja nikaipita. Nikauliza tu, kwa mazoea, "Hakuna kitu kimeingia huko nyuma?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi sijaona."

Basi nikatangaza hukumu: motor ya fan imeungua, ni hiyo stima ya huko. Nikamwambia aiache dawa ndani, asifungue mlango ovyo, baridi iliyomo itatosha mpaka nije na motor mpya. Nilisema hivyo kwa uhakika wote. Na yeye akaamini, kwa sababu ni mimi nimesema.

Jumanne nikafika Usenge na motor mpya kwenye begi, multimeter, bisibisi, kila kitu. Nimevaa shati la kuingia ukweni.

Hapa niwafafanulie ambao si wa huku kwetu. Mjaluo haingii chumbani mwa mama mkwe wake. Haijalishi wewe ni fundi, daktari au nani. Hata kukaa karibu naye kuna kipimo chake, na kuna maneno ambayo hayasemwi kati yenu mpaka mmoja aingie kaburini. Hayo ni heshima, si uadui. Mama ananipenda, mimi nampenda, na katikati yetu kuna ukuta ambao tumeukuta na hatuna mpango wa kuubomoa.

Kwa hivyo mimi niko sebuleni kwenye kochi lenye vitambaa, friji iko chumbani, na katikati kuna pazia la maua.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Tuite wale vijana wa jirani waitoe friji mpaka sebuleni, nibadilishe motor kwa nusu saa, ninywe chai, nirudi mjini.

"Mama, wacha niwaite wale vijana."

"Hapana."

"Ni dakika tano tu, Mama."

"Baba Achieng, hakuna mtu ataingia huko leo."

Nikadhani ni magoti, au hakutandika kitanda. Sikusisitiza. Nikaanza kufanya troubleshooting kupitia pazia, kitu ambacho sijawahi kufundishwa popote.

"Mama, fridge guard inaonyesha taa gani?"

"Ya kijani."

Umeme uko sawa.

"Weka karatasi kwa mlango, ufunge, halafu uvute. Inashika?"

"Inashika sana."

Mpira wa mlango uko sawa.

"Sasa chukua hii thermometer." Nikaipitisha chini ya pazia kwa sakafu, kama mtu anayempelekea mfungwa barua. "Weka karibu na dawa, funga, tungoje."

Tukangoja. Akaongea habari za omena, wale dagaa wa ziwa letu, kwamba mvua imezidi na hazikauki, kwamba mwezi huu hakuna kinachokauka Usenge, kila kitu kinanuka unyevu. Mimi natikisa kichwa tu.

Kisha akasoma. "Imeandika kumi na tisa."

Wakuu, jasho lilinitoka. Kumi na tisa si friji, hiyo ni kabati. Dawa ya miezi mitatu ilikuwa ndani ya kabati tangu sijui saa ngapi, kwa sababu mimi nilisema iachwe humo. Mama huyu akikosa insulin wiki moja tu, tunaongea habari nyingine kabisa. Niliogopa, na niliogopa zaidi kwa sababu kosa lilikuwa na sauti yangu.

Nikamwambia atoe dawa zote, azifunge kwa karatasi ya nailoni, aziweke kwenye kikombe kikavu, kikombe akiingize ndani ya ule mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Mtungi wake unapoza vizuri kuliko friji nyingi ninazoletewa. Akafanya.

Kisha nikasema tena, safari hii kwa sauti kavu, "Mama, lazima hii friji itoke nje. Sasa hivi."

"Nimesema hapana."

Hapo nikakasirika kusema kweli. Nimetoka Kisumu, nimeacha wateja, maisha yake yako hatarini, na yeye ananikatalia nyuma ya pazia. Nikatoka uani nikampigia mke wangu, Atieno, ambaye ni mwalimu na alikuwa shuleni mjini. Nikamweleza yote, mpaka ile sauti ya kitu kilichokatazwa kuzunguka.

Akaniambia, "Mpe Mama simu."

Nikaipitisha simu chini ya pazia, njia ile ile ya thermometer. Mle ndani wakaongea Kijaluo, sauti ya chini sana. Nikasikia Mama anasema "yawa", yaani jamani, mara mbili. Kisha simu ikarudi.

"Baba Achieng," mke wangu akasema, "toka hapo uende ufuoni ununue samaki."

"Samaki? Mimi niko katikati ya troubleshooting!"

"Nunua mbuta mkubwa. Usirudi kabla ya saa moja kupita. Na kabla hujatoka, niambie, mtu akitaka kugusa hiyo fan anafanya nini kwanza?"

"Anachomoa waya ukutani. Lakini nani anataka..."

"Asante. Nenda."

Nikaenda, ningefanyaje? Ufuoni omena zilikuwa zimetandazwa kwenye nyavu na kina mama wanazigeuza wakitazama mawingu. Nikatumia muda huo kumpigia nesi wa kliniki. Alinikaripia kidogo, nilistahili. Akasema kumi na tisa haijaua dawa, ila haiwezi tena kuitwa akiba. Mama aanze kutumia hiyo, isipite mwezi, na ile ya miezi miwili iliyobaki wailete wabadilishiwe. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu niingie kwenye ile boma.

Nilirudi na mbuta mkononi, nikasikia kitu kabla hata ya kupiga hodi. Friji inanguruma. Ngurumo ile laini, ya fan inayozunguka bila taabu. Ukiwa fundi hiyo sauti unaijua hata ukiwa umelala.

Mama alikuwa sebuleni, amekaa kwenye stuli, anapepeta mchele bila kunitazama.

"Imepona," akasema.

"Imepona vipi?"

"Imepona tu."

Akaenda kusoma display akarudi. Kumi na nne. Tukala mbuta na ugali, mimi nikiwa sebuleni na yeye jikoni kwake, akaenda kusoma tena. Tisa. Baadaye saba. E6 imetoweka. Motor mpya bado iko kwenye begi, haijafunguliwa.

Na mimi, kwa kujiamini kwangu kote, nikamweleza kwamba pengine ile reset yangu ya Jumamosi ilichelewa kufanya kazi. Wakuu, nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Mama akasema, "Ee, pengine," akaendelea na mchele wake.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Atieno anasahihisha vitabu. Aliponiona alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

Ilikuwa hivi. Mvua imezidi, nguo hazikauki nje. Na nguo za ndani za mama mtu mzima haziwezi kuning'inia uani, wavuvi wanapita na wakwe wanaweza kutokea wakati wowote. Sasa nyuma ya friji kuna joto zuri, kavu, la bure. Mama alikuwa anaanika huko. Petikoti moja ikateleza ikaanguka, fan ikaivuta, ikajisokota humo.

Alijua tangu Jumamosi. Aliliona pindo lake. Lakini angemwambiaje mkwe wake wa kiume, "Baba Achieng, petikoti yangu imeingia kwa fan yako"? Hilo neno halina njia ya kupita. Na vijana wa jirani waitoe friji mpaka sebuleni ikija na petikoti yake nyuma, mbele yangu? Afadhali insulin iharibike. Ndivyo alivyomwambia binti yake, kwa maneno hayo hayo.

Atieno ndiye aliyemwongoza kwa simu yake Mama mwenyewe: chomoa waya, ngoja, chukua mkasi, kata polepole, zungusha fan kwa kidole uone kama iko huru. Mwalimu wa darasa la nne alitengeneza friji ambayo mimi nilikuwa nimeshaiandikia motor mpya.

Nilicheka pia. Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu nikakumbuka ile kava. Kava ya nyuma imetengenezwa ili kitu kama hicho kisiingie, na aliyeitoa ni mimi. Mama alibeba aibu siku nne, na hatari juu yake, kwa kosa ambalo mwanzo wake ulikuwa bisibisi yangu.

Wiki iliyofuata nilianza kuwapigia wateja mmoja mmoja. Kava zote zinarudi. Mmoja akiniuliza kwa nini, namwambia ni utaratibu mpya.

Somo, kwa ufupi, kabla stima haijaenda:

Code inakuambia ni wapi panauma, haikuambii ni nini kimepachoma. E6 ilisema fan, na ilisema kweli. Mimi ndiye niliyeongeza "imeungua" kutoka kichwani mwangu.

Mtu akinyamaza baada ya swali lako, usilijibu wewe. Mtafute yule anayeweza kuambiwa, umpe simu.

Na kama ndani ya friji kuna dawa, itoe kwanza ndipo uanze ufundi wako. Hilo nimelijifunza kwa jasho.

UPDATE: Kuna mkuu ameuliza kama nilirudi Usenge. Nilirudi, na kava mpya. Tuliifunga kupitia pazia, Mama ndani na bisibisi, mimi nje nahesabu skrubu. Nne, zote zimeingia. Friji iko digrii nne na dawa mpya iko ndani.

Halafu kabla sijaondoka nilifunga kamba nyuma ya nyumba, chini ya paa, pale mvua haifiki, nikazungushia mabati pande tatu mtu asione kutoka njiani. Mama akatoka akasimama mbali kidogo, akaitazama.

"Hiyo ni ya nini, Baba Achieng?"

"Ya taulo, Mama. Nimeona mvua imezidi."

Akaishika kamba, akaivuta kuona kama ina nguvu.

"Ee," akasema. "Ya taulo."

Akaingia ndani kunifungia omena za wajukuu, na alinifungia nyingi kuliko siku zote.

Karibuni kwenye comments. Mafundi wenzangu, semeni ukweli, mmewahi kutoa nini nyuma ya friji ya mtu? Na ninyi wenye wakwe, mmewahi kukwama wapi?

Mama, kama kuna mtu amekuonyesha huu uzi: mimi sijaona kitu.