Nilipewa Kufua Soksi

Ipo siku moja huko Riyadh, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nasonya. Imenirudia jana uliponionyesha ile video yako, umesimama juu ya meza kiwandani, umejifunga kitambaa kichwani, unapiga kelele kwamba wewe ndiwe utakayefungua vyoo ambavyo bosi wenu amevitia kufuli. Nikatazama nyuma yako. Wenzako wako wapi? Namwona mmoja tu, tena anakula mandazi. Sasa weka hiyo simu chini unisikilize, na usiniambie unanisikiliza huku unabonyeza.

Wakati ule Wakenya walikuwa wakimiminika Uarabuni, mawakala wamejaa kila mtaa. Mimi nilikuwa bado na meno yote na ulimi mrefu. Wengi niliosafiri nao waliingia majumbani kwa madam zao. Sisi tulichukuliwa na kampuni ya usafi, tukawa tunadeki hospitali. Asubuhi basi la kampuni linatutoa hosteli, alasiri linaturudisha. Sehemu ya mbele ilikuwa na ubaridi mzuri, nayo ilikuwa ya wasaidizi wa msimamizi na waliotutangulia kazini. Sisi wageni kutoka Kenya tuliwekwa nyuma, ambako kiyoyozi kilikuwa kimekufa na madirisha hayafunguki. Joto la Riyadh alasiri, mwanangu, wewe unayelalamikia jua la Athi River hutaliweza.

Kati yetu alikuwamo Nafula, msichana wa Bungoma mwenye pumu. Kila tukifika hosteli alishuka amejishika kifua, akihema kama aliyekimbizwa. Tulimwomba msimamizi, ambaye sote tulimwita Mudir, atengeneze kiyoyozi au tukae mbele kwa zamu. Jibu lake lilikuwa lilelile, "Bukra, bukra," yaani kesho, na hiyo kesho haikufika. Tuliogopa kwamba iko siku tutamshusha Nafula maiti.

Basi Ijumaa moja, tukiwa mapumzikoni, Rispa akatusimulia habari za Amerika. Rispa alikuwa mwalimu wa historia kabla ya kuja kupiga deki. Alisema zamani, kusini mwa nchi ile, watu weusi walilazimishwa kuketi nyuma ya basi na kumwinukia mzungu, mpaka mama mmoja mshonaji akakataa kuinuka. Akakamatwa. Weusi wa mji ule wakayasusia mabasi zaidi ya mwaka mzima, mpaka sheria ile ikaanguka. Tulipiga vigelegele. Mimi nilijiona ndimi yule mama. Shida ni kwamba kila mmoja wetu alijiona ni yeye.

Tukapanga viti vya plastiki ukumbini tukaanza mazoezi ya kukataa kuinuka. Mimi nilitunga hata hotuba! Mama Kadzo, mwenzetu wa Kaloleni aliyekuwa mkubwa kwetu sote, alikuwa kando akishona kifungo. Akauliza mara moja tu, "Na hao wengine, huo mwaka mzima, walikuwa wakenda kazini vipi?" Rispa akamjibu kwamba walitembea, kisha akarudi upesi kwenye sehemu tamu ya kiti.

Kesho yake alasiri tukalivamia basi. Laiti ungetuona. Viti vitupu vya mbele viko kadhaa, lakini sote twakitaka kile cha nyuma ya dereva, kwa sababu Rispa ameshika simu na pale ndipo picha ingetoka vizuri. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse zizi zima la mafahali. Tukasukumana, tukavutana mitandio, mmoja akamuuma mwenzake kidole. Mudir hakuhitaji kumwinua mtu. Alicheka mpaka akashika mlango, akasema, "Yalla, twende," na basi likaondoka hivyo hivyo.

Tulipofika hosteli ndipo tuliposikia Mama Kadzo akiita kutoka nyuma. Nafula hakuwa na nguvu za kugombania kiti, kwa hiyo aliketi palepale pake pa kila siku, kwenye lile joto. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mama Kadzo alikuwa amempepea kwa kandambili njia nzima, peke yake. Basi likageuzwa, likamrudisha hospitali ileile tuliyotoka kuideki. Mungu hakumchukua, lakini alilazwa.

Mama Kadzo aliporudi kutoka huko alitukuta ukumbini tukilaumiana.

"Nyamazeni!" akasema. "Mwanitia haya. Nyote mwataka kuwa yule mama wa kitini. Kiti ni kimoja. Hao waliotembea walikuwa mji mzima, na humu ndani sioni hata mmoja anayetaka kuwa wao. Rispa, hao watu walikuwa kina nani?"

Rispa akainama. "Wengi walikuwa mayaya, wapishi, wafua nguo," akasema. "Watu wa kazi kama zetu. Na wengine walipika keki wakauza, wapate mafuta ya magari ya kuwabeba wazee."

"Na hilo ulituficha kwa nini?"

"Sikuficha, mama. Niliona halina utamu."

Halina utamu! Nakwambia nilitaka kumrushia ndoo. Mama Kadzo hakupoteza muda naye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema, na usiku ule ule akagawa kazi. Huyu abebe maji. Huyu atuamshe kabla ya alfajiri, tutembee kungali baridi. Rispa azime simu, abebe plasta za malengelenge. Mimi, mwenye hotuba yangu kichwani, nikapewa kufua soksi za watu wote. Nilinuna, lakini nilifua.

Tukatembea kandokando ya barabara kuu, magari yakitupigia honi, na jioni tukasubiri jua litue ndipo turudi. Basi lilitufuata, viti vya nyuma vitupu. Hospitali ikaanza kulalamika kwamba wafanyakazi wanafika wamechoka na viatu vimejaa vumbi. Ndipo Mudir akatupanga mstari uani, hana kicheko tena.

"Kiongozi wenu ni nani?"

Tulijua anachokitafuta. Akimpata mmoja, halas, yamekwisha, tiketi ya kurudi nyumbani, na waliobaki watanywea. Mwenzangu wa kwanza akajibu, "Mimi nabeba maji tu." Wa pili, "Mimi naamsha watu." Mama Kadzo akasema yeye hushona vifungo. Mudir akafika kwangu.

"Mimi nafua soksi," nikamwambia, nikamwonyesha mikono iliyokobolewa na sabuni.

Akazunguka mstari mzima asipate kichwa cha kukata. Kabla ya Ijumaa iliyofuata fundi alikuja na kiyoyozi kikafufuka, na Nafula alipotoka wodini aliketi popote alipotaka. Pasipoti zetu, walizotunyang'anya tulipofika, zilibaki kabatini kwao, hilo hatukuliweza, sikudanganyi.

Sasa, shujaa wangu wa mezani. Kwa ile video umempa bosi wako kichwa, tena chenye kitambaa, asihangaike kutafuta. Ifute. Kesho nenda kwa yule binti mjamzito uliyeniambia hulia akisubiri ufunguo wa choo, umuulize anataka nini, kisha umuulize mla mandazi anaweza kubeba nini. Kila mtu apewe kazi yake, na wewe uchague ile isiyo na utamu. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikipigwa picha.

Mungu akupe miguu kabla ya kukupa jukwaa, mwanangu, akuzungushie wenzako mpaka bosi asikuone uliko. Na hizo soksi zako zilete hapa. Zinanuka.