Stesheni Nyuma ya Maduka

Kuna wakati nilifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, huku kaskazini-magharibi ya London. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, aliyeishi peke yake karibu na Queensbury. Ofisini waliniambia kwamba aliteleza bafuni akavunjika mguu, mguu ukapona, lakini tangu hapo hakukubali tena kutoka nje. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza nikaenda jikoni kubandika chai. Maziwa yakachemka yakamwagika, nami nikajisemea kwa sauti, "Haya, ndiyo nimeanza kazi."

Sauti ikatoka sebuleni. "Kwenu wapi, binti?"

Kilikuwa Kiswahili, tena cha bara. Nilitoka na kitambaa mkononi.

"Shikamoo, mama. Kwetu Kigoma."

"Marahaba. Kama ni Kigoma, basi Tabora umepita."

Nilikuwa nimepita mara nyingi, kwenye treni ya kwenda Dar es Salaam. Yeye alizaliwa Tabora na kuolewa hapo hapo, na mumewe alikuwa gadi kwenye treni hiyo ya Kigoma. Watoto wake alizungumza nao Kigujarati. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu. Kiswahili alikuwa akizungumza na mumewe, na mume alipofariki kikabaki hakina mtu.

Nilianza kumbembeleza tutoke. Kila nikija ninamwomba, naye ana jibu lake.

"Nje kuna nini?"

"Kuna jua, mama."

"Jua gani hili, la kuazima?"

Mwishoni akachoka kunikatalia. Nikamvika sweta juu ya sari, nikamfunika miguu kwa shali, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi njia moja ya miguu iliyopita nyuma ya maduka, katikati ya miti. Niliichagua kwa sababu haina vilima. Tulipofika kwenye benchi nikasimama nipumzike. Palikuwa na mama mmoja wa Kiingereza, mzee naye, akimenya chungwa. Akatusalimia, akasema kwa upole kwamba tumesimama ndani ya chumba cha kusubiria cha abiria.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akacheka. Akaeleza kwamba hapo palikuwa na stesheni, na njia tuliyokuja nayo ilikuwa ya reli. Treni yenyewe ilikuwa ndogo, ya mabehewa mawili, ikienda na kurudi siku nzima. Kulikuwa na stesheni masta aliyepanda maua kando ya jukwaa, na siku za baridi aliwasha moto wa makaa humo ndani, watu wakawahi makusudi waje waote. Baadaye watu wakanunua magari, treni ikawa inapita tupu, serikali ikaifunga.

Nilimtafsiria bibi. Alikuwa ameinama mbele, mikono yote miwili kwenye magoti.

"Muulize, siku ya mwisho alikuwepo?"

Alikuwepo. Alikuwa mtoto mdogo, kashikwa mkono na mama yake, na watu walijaa hapo hata wale ambao hawakuwahi kuipanda. Walipiga picha, wakaimba. Yeye alilia hadi akabebwa, kwa sababu baba yake alikwenda kazini na kurudi kwa treni hiyo kila siku, na yeye aliamini kwamba isipokuwepo treni, baba hatarudi tena nyumbani. Hakuna aliyefahamu analilia nini. Kesho yake baba akarudi kwa basi, na yeye akamshika koti, akakataa kuliachia mpaka usingizi ukamchukua.

Nilipomaliza kutafsiri, bibi alinigeukia.

"Mwambie mimi nilikuwa nasikiliza honi," alisema. "Treni ikikaribia Tabora ilipiga honi, na mimi ndipo naweka chapati ya kwanza motoni. Sikutaka mume wangu ale iliyopoa. Ikichelewa, ninakaa na unga mikononi, siwezi kufanya kazi nyingine."

Nikayasema hayo kwa Kiingereza, kadiri nilivyoweza. Yule mama aligawa chungwa lake, akampa bibi nusu.

Kisha akatuonyesha ukingo wa jukwaa, matofali machache yaliyobaki chini ya vichaka vya miiba. Bibi akataka kuyagusa. Magurudumu yakazama kwenye tope, nami nikaanza kuwaza nitasema nini ofisini. Yule mama akaja akashika upande mmoja, tukasukuma pamoja, viatu vyake vikachafuka. Bibi akanyoosha mkono, akayapapasa matofali. Aliporudi nyumbani alikuwa na majani kwenye sari, na alikula chakula chote.

Tukawa tunakwenda kila Jumatano. Baada ya muda hawakunihitaji sana. Bibi alisema la kwake kwa Kiswahili, mwenzake alisema la kwake kwa Kiingereza, na nikijaribu kutafsiri bibi aliniinulia kiganja ninyamaze.

Jumatano moja benchi lilikuwa tupu, na iliyofuata pia. Bibi akaniamuru nimtafute. Niliuliza kwenye duka la magazeti, nikaonyeshwa nyumba yenye mlango wa kijani, nikamsukuma bibi hadi hapo. Yule mama alifungua mwenyewe, kajifunga blanketi, kifua kimembana, sauti imekauka. Nilitegemea bibi atampa pole tu kisha turudi. Badala yake aliniambia nimsaidie asimame. Mwanamke ambaye hakutaka kuvuka kizingiti chake alivuka cha mwenzake kwa miguu yake, kanishika bega, akaenda moja kwa moja hadi jikoni akauliza tangawizi iko wapi.

Tangawizi haikuwepo. Nilitumwa dukani kama mtoto. Niliporudi niliwakuta wamekaa upande mmoja wa kochi, blanketi limewafunika wote wawili, televisheni inaongea bila mtu wa kuisikiliza.

"Usiwashe taa kubwa," bibi alininong'oneza. "Ndiyo kwanza amelala."

Sikuwasha. Nikaingia jikoni kusaga tangawizi, nikipunguza kelele kadiri nilivyoweza.